Rimoti Isiyo na Muhuri

"Ndege yangu mimi hainipotei," Kapteni alisema, mikono nyuma, kifua mbele, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. "Nikiiambia njoo, inakuja. Nikiiambia kaa, inakaa. Hata mke wangu hajafika hapo."

Aliyasema hayo Jumamosi saa tisa na nusu alasiri, mbele ya watu kumi na wanne. Nusu yao walikuwa wanachama wa klabu ya ndege za rimoti. Wengine walikuwa wapita njia walioona uwanja una kivuli wakajikalia. Ilipofika saa kumi kasorobo, ndege hiyo isiyopotea ilikuwa imelala ndani ya duka la dobi, kichwa chini mkia juu. Ilikuwa imeingilia dirishani bila kupiga hodi.

Tumtendee haki kidogo. Kapteni hakuwa na mikono mibovu. Kazi iliyomlisha ilikuwa kutengeneza meno bandia, na mikono ile ile iliweza kuchonga jino la mbele hadi mwenyewe akasahau lipi la Mungu na lipi la fundi. Ukapteni aliupatia klabuni tu. Ndege ya kweli alishawahi kuipanda mara moja, akiwa abiria, na alitapika. Lakini klabuni alikuwa na cheo: afisa wa vifaa. Yeye ndiye aliyekagua rimoti za wenzake kabla hazijaruhusiwa uwanjani, na yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa mwaka akawasomea mkataba wa bima kipengele kwa kipengele, kwa sauti ya hakimu mwenye njaa.

Kipengele cha tisa alikisoma mara mbili. Kilisema kwamba ndege ikiongozwa kwa rimoti isiyo na muhuri wa mamlaka ya mawasiliano, bima haitalipa madhara yoyote yatakayotokea. Siku hiyo hiyo alimrudisha nyumbani mwalimu mmoja wa hesabu kwa sababu muhuri wa rimoti yake ulikuwa umefifia.

"Unasomeka," mwalimu alijitetea. "Ukiuelekeza juani unasomeka."

"Ofisi za bima hazina jua," Kapteni akamjibu. Watu wakacheka, naye akacheka nao, na mwalimu akabeba rimoti yake akaondoka.

Sasa ona mambo ya binadamu. Wiki tatu kabla ya hiyo Jumamosi, afisa huyu huyu wa vifaa alikuwa amesimama katika duka la vifaa vya redio, chumba chembamba chenye makabati ya kioo pande mbili, ukigeuka kwa haraka unaangusha betri. Mwenye duka, mzee mkavu ambaye hata mkewe alimwita Transista, aliweka rimoti mbili juu ya kaunta.

"Hii ya kijivu ni dada wa ile uliyo nayo nyumbani," Transista alisema. Akaigeuza. "Muhuri huu hapa mgongoni. Nguvu yake haivuki kipimo cha sheria. Ikipoteza mawimbi, injini ya ndege inazimwa. Haina mbwembwe."

"Na ile nyeusi?"

"Ile nyeusi ina mbwembwe zote."

Na kweli ilikuwa nazo. Antena mbili zilisimama kama masikio ya sungura aliyesikia kitu. Skrini yake ilikuwa pana na ya rangi. Iliweza kuzungumza na kipokezi cha kampuni yoyote, yaani kile kidude kinachokaa tumboni mwa ndege na kusikiliza amri, na iliweza kukumbuka ndege ishirini, kila moja na mipangilio yake. Kapteni alikuwa na ndege mbili tu, lakini mtu hujenga vyumba kabla wageni hawajafika.

Aliishika, akaipima uzito, akaigeuza. Mgongo ulikuwa mtupu.

"Muhuri wake uko wapi?"

"Hauna. Haijapimwa huku kwetu. Mawimbi yake yana nguvu kuliko ruhusa, unaweza ukamvurugia jirani mitambo yake na wala usijue."

"Mbona unaiuza?"

"Wapo wanaonunua ya kuweka kabatini. Wewe una kabati?"

"Ninalo."

Transista akaegemea kaunta. "Nisikilize, fundi. Ukiwa na ya kijivu, siku ndege imempiga mtu, watu wa bima watakaa na huyo mtu wamsikilize. Ukiwa na nyeusi, watakukalisha wewe, watakupa na chai, halafu watakuaga."

"Yangu haimpigi mtu."

"Wote walioanguka walikuwa wanasema hivyo wakiwa bado wamesimama," Transista alisema, akaanza kutafuta mfuko.

Kapteni akatoka na nyeusi. Kwa wiki mbili kweli ilikaa kabatini, ila kila jioni aliifungulia mlango aone kama bado ni nzuri. Wiki ya tatu akaibeba uwanjani. Nani angemkagua? Mkaguzi alikuwa yeye.

Kilichomwangusha hakikuwa muhuri, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye. Rimoti ile ilikuwa inakumbuka ndege zake zote mbili, ndogo ya mazoezi na kubwa ya maonyesho. Kwenye ndogo, kifaa cha kuchezesha mabawa kilifungwa kichwa chini, kwa hiyo Kapteni aliigeuzia amri: akisukuma kulia, rimoti inatuma kushoto, na ndege inakwenda kulia. Jumamosi hiyo alileta ndege kubwa, lakini kwenye skrini alikuwa ameacha jina la ndogo. Mrushaji yeyote huchezesha vijiti ndege ikiwa bado chini, akatazama mabawa kama yanatii. Ni kazi ya nusu dakika. Tangazo lake lilikuwa limebandikwa kwenye uzio, kwa mwandiko wa Kapteni mwenyewe. Ila watu kumi na wanne walikuwa wanatazama, na nusu dakika mbele ya watu kumi na wanne ni ndefu.

Ndege ikapaa vizuri, imenyooka. Mtu akapiga makofi. Kapteni akasukuma kulia. Ndege ikalala kushoto. Akaongeza kulia, ndege nayo ikaongeza kushoto. Mkono wenye mazoea ya miaka minane hausikilizi kichwa chenye sekunde mbili. Aliongeza kulia mpaka kijiti kikagota, na kushoto kulikuwa na mgongo wa maduka, na kwenye mgongo wa maduka kulikuwa na dirisha la dobi.

Dobi huyo alikuwa shemeji yake, mdogo wa kike wa mkewe.

Kapteni alikimbia na rimoti mkononi, akaruka mtaro, akaingia kwa mlango wa nyuma. Ndani mvuke ulikuwa umejaa hadi darini. Ndege ilikuwa imepita juu ya vitambaa vya meza vilivyokunjwa, ikajipigiza kwenye mashine ya kupigia pasi, ile kubwa ya mvuke, ikakata bomba na kuvunja ubao wa umeme pembeni. Mashine ilikuwa inapiga miluzi kama kipenga cha refa aliyekasirika. Kilichofuata hakukikumbuka kwa mpangilio. Alijua tu kwamba alizima umeme ukutani, akachomoa betri ya ndege iliyoanza kuvimba, akaitoa nje mbio akaizika mchangani isije ikawaka.

Aliporudi, shemeji yake alikuwa anajifuta uso kwa foronya ya mteja.

"Shemeji," alisema, "wewe ni rubani au mrusha mawe?"

"Umeumia?"

"Sijaumia. Nimeogeshwa."

"Na mama?"

Kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kaunta, hatua mbili kutoka kwenye mashine, alikuwa amekaa mama mkwe wa Kapteni, karani mstaafu wa mahakama, ambaye kila Jumamosi alikuja kumpigisha soga binti yake. Miwani yake minene ilikuwa imejaa ukungu. Hakuivua.

"Nipo," mama mkwe akasema. "Fungueni madirisha mengine. Hilo moja limeshafunguliwa."

Shemeji alicheka, kisha akaigeukia mashine, na kicheko kikakatika. Kapteni alimwona akipitisha kidole kwenye ubao uliovunjika, taratibu, kama anayetafuta mahali palipobaki pazima. Nyumba ya wageni ya mtaa wa pili ilimpa shuka na vitambaa vya meza kila siku. Bila mashine ile hakuna shuka, na bila shuka hakuna duka.

"Usiwe na wasiwasi," Kapteni akamwambia. "Klabu ina bima. Bima italeta mashine nyingine."

Neno lilipomtoka ndipo kipengele cha tisa kilipomjia, kwa sauti yake mwenyewe, mara mbili.

Tangu hapo Kapteni hakukaa. Jumapili asubuhi alitoa kipokezi kwenye mabaki ya ndege, akakioanisha na rimoti yake ya zamani, ya kijivu, yenye muhuri. Wenyewe huita kuoanisha, na ndoa hiyo ilifungwa jikoni, bila mashahidi. Akajaza fomu ya madai. Penye "aina ya rimoti iliyotumika" akaandika ya kijivu, na namba zake zote, kwa herufi nzuri kuliko alizowahi kuandika maishani. Ile nyeusi akaitia ndani ya mfuko wa plasta, unga wa kutolea nakala za meno, kwenye karakana yake. Baada ya saa moja akaona mfuko umevimba vibaya, akaihamishia juu ya kabati. Jioni akaileta nyumbani, akaiweka chini ya kitanda. Asubuhi akairudisha kwenye plasta.

"Unatafuta nini humo?" mkewe alimuuliza alipomkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

"Sitafuti kitu."

"Basi unaficha."

"Nanyoosha mgongo."

"Nyoosha. Ukimaliza, kafagie na huko chini, maana umeshafika."

Jumatatu kazini alichonga jino moja mpaka likaisha. Mteja mwingine alipewa seti ya meno isiyo yake, akatabasamu nayo mpaka mlangoni, ndipo alipogundua kwamba mdomo haufungi. Kila simu ilipolia Kapteni aliinuka. Ilipokuwa hailii aliinuka vilevile, aone kama ina chaji. Kichwani alikuwa anabishana na bima: muhuri usingenizuia kukosea jina kwenye skrini, hata na ya kijivu ningeweza kuanguka, muhuri na ajali vinahusiana nini? Hoja zilikuwa nzuri. Tatizo ni kwamba ile ya kijivu ilikumbuka ndege moja tu, isingekuwa na jina la kukosea, na hilo alilijua kila alipofika mwisho wa hoja, kwa hiyo akawa anaanza upya.

Jumanne alipita dukani kwa shemeji yake. Alikwenda ili aseme. Njiani alipanga hata maneno ya kuanzia: "Shemeji, kaa kwanza."

Shemeji hakuwa na nafasi ya kukaa. Alikuwa anapiga shuka kwa pasi ya mkono, kiwiko juu, kiganja kimefungwa bendeji. Nyuma yake shuka za nyumba ya wageni zilikuwa zimefika dirishani, pale palipozibwa kwa boksi.

"Mkono umefanya nini?" Kapteni aliuliza.

"Umevimba. Siku tatu nafanya kazi ya mashine, unadhani utasinyaa?" Akajifuta uso. "Mwenye nyumba ya wageni amenivumilia mpaka Ijumaa. Nimemwambia mkaguzi wa bima anakuja kesho. Nimemwambia shemeji yangu ndiye anayewafundisha wenzake habari za bima, hawezi kukosea fomu."

"Umemwambia hivyo?"

"Nimekupamba mpaka nimeona aibu. Ulikuja kusema nini?"

Kapteni akatazama shuka. Zilikuwa nyingi.

"Nilikuja kuona kama mnahitaji mtu wa kukunja," alisema, akakunja shuka, vibaya, hadi jua likainama, na shemeji yake akazikunja upya bila kumwambia.

Mkaguzi wa bima alifika Jumatano saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea, sauti ya chini, na aliyatazama mambo kama vile hakuna lililokuwa likimshangaza wala kumfurahisha. Alianzia uwanjani. Alipima kwa hatua umbali wa kutoka mahali pa kurushia hadi kwenye uzio, akaandika. Akatazama namba ya usajili ubavuni mwa ndege, akaandika. Akaipima ndege kwa mizani ya mkono kama anayenunua samaki, akaandika. Kapteni alimfuata, mara kulia kwake mara kushoto, kila alichoulizwa akijibu mara mbili.

Wakaingia dukani. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake; ingawa haikuwa Jumamosi, alisema amekuja kuona bima inavyofanana. Kapteni akamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, na akaweka rimoti ya kijivu juu ya kaunta kwa heshima zote.

"Ndiyo hii?" mkaguzi aliuliza.

"Ndiyo hiyo, dada."

Mkaguzi akaigeuza. Muhuri ulikuwepo. Akalinganisha namba na fomu. Zilikuwa sawa. Akamwambia aunganishe kipokezi na betri, awashe. Kapteni akawasha, akasukuma kijiti, na bawa moja lililobaki zima likainuka, likashuka, tiifu kabisa. Akazima rimoti ili kuonyesha kinga ya kupotea mawimbi. Kipokezi kikazima injini. Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali.

"Vifaa viko sawa," alisema. "Ajali ni ajali. Nikifika ofisini nitaandika ilipwe. Mashine inaweza kufika kabla ya Ijumaa."

Shemeji akakaa, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alikaa juu ya rundo la shuka, akafumba macho.

Na Kapteni, mtu aliyekuwa hajavuta pumzi kwa siku nne, akavuta pumzi. Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Lakini pumzi ilipoingia, na maneno nayo yalitaka kutoka.

"Mimi katika vifaa sina mchezo, dada," akasema, mikono imeshaanza kwenda nyuma. "Waulize klabuni. Mtu asiye na muhuri mimi namrudisha kwao. Hii rimoti nimeishika tangu uwanjani mpaka nikaingia humu nayo, haijatoka mkononi mwangu."

"Vizuri," mkaguzi alisema, akageuza ukurasa wa mwisho wa fomu. "Nimekumbuka, hapa panatakiwa saini ya aliyekuona nayo. Wenzako wa klabu hawaruhusiwi, wala mwenye duka anayedai. Kuna mwingine?"

Kapteni alizungusha macho chumbani. Pale mlangoni hapakuwa na mtu. Akaona miwani minene, imetulia. Alifikiri upesi: macho ya mama yameshachoka, na kwa mama rimoti ni rimoti, hata ile ya televisheni hubonyezewa na wajukuu.

"Yupo mama hapa," alisema. "Alikuwepo tangu mwanzo. Mama, si uliniona nikiingia na rimoti?"

"Nilikuona," mama mkwe akasema.

"Ndiyo hivyo," Kapteni akamwambia mkaguzi, na kumsogezea kalamu mama.

Mama mkwe hakuichukua. Alinyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye kaunta. "Nipe kwanza niione. Sijawahi kutia saini kitu ambacho sijakishika."

Mkaguzi akampa. Mama mkwe akaipakata rimoti ya kijivu, akaipapasa ukingoni, akaipapasa juu pale antena yake moja ilipolala, kisha akaigeuza na kuisogeza karibu na miwani. Kapteni aliweza kusikia pasi ya mkono ikitoa mlio mdogo wa kupoa.

"Siyo hii," mama mkwe alisema.

"Mama," shemeji akaanza, akafumbua macho.

"Siyo hii, mwanangu. Ile ilikuwa nzito zaidi, nyeusi, ina vijiti viwili vimesimama. Ilinichomachoma kidevuni."

Mkaguzi akaweka fomu chini. "Ilikuchoma vipi kidevuni, mama?"

"Si nilikuwa nimeipakata. Huyu alipoingia mbio alitaka mikono ya kuchomolea betri, akaniambia, mama, nishikie hii, usibonyeze kitu. Nikaishika. Nusu saa nzima nimekaa nayo, mpaka aliporudi kuichukua, na wala hakuniangalia, maskini, alikuwa amechanganyikiwa."

Hapo Kapteni akakumbuka. Aliuona ule mvuke, kile kiti, yale magoti mawili yaliyokaa pamoja kama meza iliyowekwa kwa ajili yake.

"Miwani yako si ilikuwa na ukungu, mama?" alisema taratibu.

"Ukungu ulikauka. Nikawa sina la kufanya, na mashine imezimwa, hakuna hata mtu wa kuzungumza naye. Nikaigeuza nisome mgongoni. Miaka thelathini na moja nimekaa mahakamani, kila kielelezo kilichopita mezani kwangu nilikigeuza." Akairudisha rimoti ya kijivu kwa mkaguzi. "Hii ina maandishi. Ile haikuwa na hata herufi moja. Nikasema, ajabu, kitu cha thamani namna ile hakina hata alama ya kukitambulisha."

Shemeji alikuwa ameshasimama. Hakumtazama mama yake. Alimtazama Kapteni, kile kiganja chenye bendeji amekishika kwa kingine.

"Nimeapisha watu wengi sana katika maisha yangu," mama mkwe alisema, sasa kwa upole, akimwelekea mkwe wake. "Lakini uzee nao ni uzee, siwezi kujiamini kwa kila kitu. Kama nimechanganya, niambie. Nimekosea, mwanangu?"

Kalamu ya mkaguzi ilikuwa imesimama juu ya karatasi, inangoja. Katika miaka yote tisa ya ndoa yake, Kapteni alikuwa hajawahi kumwambia mama mkwe kwamba amekosea, hata siku aliposema ndege za rimoti ni michezo ya watoto.

"Hapana, mama," alisema. "Hujakosea."